Chaza wa Hamsini

Nilipomaliza kidato cha nne mwishoni mwa 2012, mjomba alinipa kazi ya kukaa kwenye banda lake la gemu pale Kibirizi, Kigoma, wakati nasubiri matokeo. Banda lilikuwa na TV tatu za chogo, mashine za gemu za PS2 (PlayStation 2) tatu, mabenchi mawili, na pedi sita ambazo nzima ni nne. Dakika 10 shilingi 300. Watoto walikuja kwa ajili ya mpira, na vijana wa mwaloni walikuja kwa ajili ya mpira na San Andreas.

San Andreas sidhani kama inahitaji utambulisho. Ni gemu ya mfululizo wa GTA (Grand Theft Auto) iliyotoka mwaka 2004, yenye jimbo zima la kubuni: miji mitatu, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, na katikati yake mashamba, milima, jangwa na maji. Lakini nawahakikishia, wateja wangu wengi hawakujua kama kuna mji wa pili. Mtu anakaa, anapiga chiti (vibonyezo vya siri) ya silaha, anapora gari, anapambana na polisi pale pale mtaa wa Grove mpaka dakika zinakwisha. Akithubutu kuvuka daraja kabla hajafunguliwa njia, anawashiwa nyota nne za kusakwa na polisi, anauawa, anatukana, ananirudishia pedi. Kesho anarudi mtaa ule ule.

Siwacheki. Mtu aliyelipia dakika 10 hawezi kutembea kutafuta kilichoko nyuma ya mlima, maana kila hatua ina bei. Pale bandani ni mmoja tu aliyekuwa na muda wa bure, naye ni mimi, na hata mimi niliupata kwa hisani ya mwezi. Anayeishi Kigoma anajua: dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inapumzika siku kadhaa na vijana wote wanajaa mjini, na bandani hakuna hata pa kuweka mguu. Giza likirudi wanaingia ziwani, na mimi nabaki na TV tatu na kijiupepo. Kwa hiyo ratiba yangu ya kucheza ilifuata mwandamo wa mwezi kama ya mvuvi yeyote.

Nilimaliza misheni ya mwisho, nikatazama majina ya waliotengeneza yakipita, nikafungua ukurasa wa takwimu kujipongeza. Hata asilimia 60 sikuwa nimefika. Nilidhani PS imeharibika.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa gemu ile inataka nini. Mbali na misheni kuna leseni za udereva, pikipiki, boti na ndege, kuna kubeba abiria 50 kwa teksi, na kadhalika. Hayo ni jasho tu, yanafanyika. Kazi yenyewe ni vitu vilivyofichwa: michoro 100 ya magenge kwenye kuta za Los Santos, picha 50 za kupiga San Fierro, viatu vya farasi 50 Las Venturas, na chaza 50 waliotawanywa majini jimbo zima. Jumla 250. Ramani ya gemu haikuoneshi hata kimoja, inakuhesabia tu. Nakala za CD tulizokuwa nazo zilikuja kwenye mfuko wa nailoni, hazikuwa na kitabu wala ramani ya karatasi. Intaneti kafe mjini zilikuwepo, na majibu yote yalikuwemo, lakini nilikuwa na miaka 18 na kiburi.

Michoro 100, niseme ukweli, sikuipata peke yangu. Kila mteja alijua miwili mitatu. "Kaka, kuna mmoja nyuma ya kile kiduka." Kwa kuwa hawajawahi kutoka Los Santos, mji ule waliujua kama wanavyoijua Mwanga ya hapa Kigoma. Tena michoro ina huruma: uliokwisha kuupulizia rangi unabaki pale, wa kijani, unakuambia "hapa ulifika". Picha zilinichukua wiki moja. Viatu vya farasi vilinipa tabu kwa sababu vingine viko juu ya mapaa, lakini mji ni mmoja na una mipaka.

Chaza ndio walionifunza adabu.

Kwanza, CJ, yule mhusika unayemwendesha, hana pumzi. Unamzamisha, mara anaishiwa hewa na uhai unaanza kupungua. Dawa yake ni kumzamisha tena na tena mpaka mapafu yapanuke, na wala si hiari: kuna misheni ya San Fierro ambayo haikubali uianze kama pumzi yako ni ndogo. Nilitumia jioni mbili nzima nikimchovya majini kama mtu anayesuuza nguo, huku mjomba akinitazama. "Wewe mtoto, umeacha ziwa hapo nje mita 50, unaogelea humu?"

Pili, umeme. Kigoma wakati huo haikuwa kwenye gridi ya taifa, tulikula umeme wa majenereta ya dizeli, na ulikuwa ukiondoka bila kuaga. San Andreas nayo haikuruhusu kusevu popote, ni mpaka urudi kwenye nyumba yako. Siku moja nilikwishapata chaza saba kwa mkupuo, niko katikati ya bahari juu ya boti, TV ikafanya "tup", ikabaki nukta nyeupe katikati ya kioo. Saba wote walirudi walikokuwa. Tangu hapo nikajiwekea sheria: chaza watatu, nyumbani. Nikanunua nyumba za CJ kila pwani ili safari ya kurudi isiwe ndefu.

Tatu, binadamu. Kuna mtoto alitaka kusevu ligi yake ya mpira, memori kadi ikamwambia imejaa, akafuta faili kubwa kuliko yote. Sikumpiga. Nilitoka nje, nikatembea mpaka kwenye chanja za dagaa, nikarudi. Mwezi uliofuata nilinunua memori kadi yangu mwenyewe ya MB 8, nikawa naiweka kwenye kopo tupu la mafuta ya mgando na kulala nayo. Nikaanza upya.

Safari ya pili nikaja na ramani. Ndani ya maboksi ya viatu huwa kuna karatasi nyepesi inayoonyesha mkono upande wa pili. Nilifungua ramani kwenye gemu, nikaikuza kipande kwa kipande, nikabandika karatasi juu ya kioo cha TV. Haikuhitaji gundi. TV ya chogo ikiwaka ina nguvu fulani, inaivuta karatasi yenyewe inaganda, na vinyweleo vya mkono vinasimama ukikaribia. Nikafuatisha pwani, mito na barabara kwa penseli, taratibu, maana ukikandamiza inatoboka. Vipande sita, nikaviunganisha kwa selotepu, nikapiga miraba kwa rula: 12 kwa 12, miraba 144. Kila nilipopata chaza nikaweka duara.

Nikafika chaza 46 nikakwama. Wiki mbili, hakuna kitu. Nilikuwa nikizunguka na boti, nikiona mahali panapofanana na mahali pa kuficha, nazama, hakuna. Sasa, chaza si kama mchoro wa ukutani. Ukishamchukua ametoweka, haachi alama. Kwa hiyo nikizama mahali nikakuta patupu, sijui kama patupu hapo ni kwa sababu nilishamchukua au hakuwahi kuwepo. Nilikuwa nazama sehemu zile zile.

Aliyenikwamua hakuwahi kushika pedi. Ni mzee mmoja wa mitumbwi, alikuja kuchaji simu, akakuta nimetandaza karatasi mezani. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza zile duara ni nini. Nikamweleza: ni nilikopata.

"Na ulikokosa?"

"Nilikokosa sijaandika, mzee."

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu anayetia chumvi kwenye chai. "Sasa kesho utajuaje usirudi?"

Alichukua simu yake ikiwa na chaji nusu akaondoka. Mimi usiku ule nilifuta karatasi yote nikaanza kuweka alama mpya. Duara ni nimepata. X ni nimezama mraba wote nikakosa. Mraba mweupe ni sijafika. Nilishtuka weupe ulivyokuwa mwingi. Mtu aliyekuwa anajiona ameimaliza bahari, kumbe alikuwa anazunguka kwenye njia zake tatu kama ng'ombe anayekwenda kisimani. Nafikiri ndivyo wengi tunavyocheza: tunaona dunia ya gemu ni ndogo kwa sababu sisi wenyewe tumetembea barabara chache.

Kwa mtindo ule nilipata watatu ndani ya giza moja la mwezi. 49. Halafu maji yakaisha. Kila mraba wenye maji ulikuwa na alama, na mmoja bado. Nilirudia pwani yote ya San Fierro, nikarudia mito. Nikaanza kuituhumu CD.

Siku ya nne nikiwa nimeishiwa, nilikaa nikaiangalia karatasi badala ya TV. Kule Las Venturas kulikuwa na X kama tisa zimepangana vizuri sana, zote mwandiko mmoja, wino mmoja. Nikakumbuka: zile X niliziweka kwa dakika moja, nimekaa kwenye benchi. Las Venturas iko jangwani. Jangwani chaza atafuata nini? Nikazipiga X bila kwenda. Mimi mtoto wa ziwa, nikisikia maji nawaza upeo wa macho. Dimbwi la mapambo mbele ya kasino halikunijia kichwani. Nikaruka mpaka huko, nikapita moja moja. Kuna kasino ina meli ya maharamia mbele yake, imezungukwa na maji kama bwawa. Nikamzamisha CJ. Alikuwepo, amekaa chini, ametulia kabisa. Chaza 50 kati ya 50.

Zilizobaki zilikuwa kazi ndogo ndogo, na siku tatu baadaye takwimu zikasoma 100. Zawadi ni dola 1,000,000, kifaru chini ya daraja la pale Grove, na ndege ya kivita juu ya paa la nyumba ya kaka yake CJ. Vitu ambavyo wateja wangu walikuwa wakivipata kwa chiti tangu asubuhi ya siku ya kwanza. Mjomba alipoambiwa kuhusu dola milioni aliuliza kama zinaweza kulipia umeme wa mwezi huo.

Baadaye nilisoma kwamba tabia hii ya kupekua kila kona ina historia yake. Mwaka 1980 kampuni ya Atari haikuwa ikiandika majina ya watengenezaji kwenye gemu zao. Mmoja wao, Warren Robinett, akaficha chumba cha siri ndani ya gemu iitwayo Adventure, na ndani yake jina lake. Ili ukifikie ilibidi uokote nukta moja ya rangi ile ile ya mandhari ya nyuma yake, yaani haionekani, na uipeleke mahali fulani. Aliyewaandikia Atari kuwaambia amekiona chumba hicho ni kijana wa miaka 15 wa Salt Lake City, Marekani. Tangu hapo siri kama hizo zinaitwa mayai ya Pasaka, kwa ile desturi ya Wazungu kuficha mayai watoto wayatafute. Na wapo watengenezaji wanaotutania waziwazi. Kwenye gemu ya Zelda ya mwaka 2017 kuna mbegu 900 zilizofichwa. Ukipata 441 umeshapanua mifuko yako yote, mbegu zinazobaki hazikuongezei nafasi hata moja. Ukikaza mpaka 900 unapewa kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Karatasi yangu niliibandika ukutani bandani, na kwa muda nikawa mtu wa maana. Vijana walikuwa wakija kuangalia duara, wanabishana, wananiita mwalimu. Miraba yote 144 ilikuwa na alama.

Halafu mbalamwezi moja akaja mtoto wa kama miaka 10, shilingi 300 mkononi, akakaa kwenye TV ya katikati. Akapiga chiti ya lile begi la kurukia angani, akapaa. Hakuwa na haja na polisi. Akaenda mpaka San Fierro, kwenye lile daraja kubwa jekundu, akaanza kupanda kando ya mnara wake, juu, juu, mpaka kileleni. Mimi daraja lile nimelivuka kwa gari labda mara 100, na chini yake nimezama. Mraba wake una X safi kabisa.

Kule juu kuna kibao kidogo. Mtoto akamsogeza CJ karibu, akageuka.

"Kaka, hapa pameandikwa nini?"

Nikainama mpaka kwenye kioo, vinyweleo vikasimama. Kingereza chake hakikuwa kigumu.

"Pameandikwa: huku juu hakuna mayai ya Pasaka. Ondoka."

Akatafakari kidogo. "Mayai gani?"

Nikamwambia dakika zake zimekwisha.