Kuusoma mpunga wa Sabaki kwa rada

Anayeanza kufuatilia mpunga wa bonde la Sabaki, mto wa pwani ya Kenya, kwa setilaiti hukimbilia picha za rangi. Masika yatamkatisha tamaa. Sentinel-2, setilaiti ya picha hizo, hupita kila baada ya siku 5, lakini mawingu ya Malindi yaweza kuziba mwezi mzima, tena mwezi wa kupandikiza. Anza na Sentinel-1: rada yake hupenya mawingu, na data zake ni za bure.

Kinachotafutwa ni maji. Jaruba likijazwa, mawimbi ya rada huteleza juu ya maji yaliyotulia na hayarudi. Pikseli, yaani nukta ya picha, huwa nyeusi, mara nyingi chini ya desibeli -20 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mwangwi) katika VH, yaani wimbi lililotumwa wima na kupokewa mlalo. Miche ikishika na kuchipua, mwangwi hupanda wiki hadi wiki, hadi masuke yakaribie kutoka. Kushuka kule kisha kupanda ndiyo alama ya mpunga. Mahindi hayana.

Usitegemee VV, wimbi lililotumwa na kupokewa wima, peke yake. Kusi ikivuma huyatia maji viwimbi, na VV huliona jaruba lililojaa kama nchi kavu. Wala usichanganye pito la alfajiri na la jioni kwenye mstari mmoja. Pembe za kutazamia hazilingani, utaona mabadiliko yasiyokuwepo.

Karibu na mdomo wa mto kuna mtego mwingine. Tope la kando ya mikoko hufunikwa na maji ya bamvua, na huweza kufanana na jaruba. Litofautishe kwa subira: tope hujaa na kukauka pasipo kuota kitu, mwangwi wa mpunga hupanda.

Ekari moja ni pikseli 40 hivi za mita 10. Tembea juu ya matuta na GPS, kisha usogeze mpaka wa shamba kwa ndani, mita 10 kila upande. Shamba la mraba litabaki na pikseli 19 hivi, zisizochanganyika na tuta wala mgomba wa jirani. Piga wastani wa hizo zote kabla ya kugeuza namba kuwa desibeli, kwani pikseli moja ya rada hudanganya.

Weka tarehe ya kujaa maji ya kila msimu. Kumbukumbu za rada hii zinaanzia 2014, na hapo ndipo kuchelewa kwa mvua huonekana kwa siku, si kwa hisia.

Chumvi ni jambo jingine. Mto ukipungua, bahari hupanda, na majani huwa manjano sawasawa na ya kiu, setilaiti haitenganishi. Pima udongo: mpunga huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikizidi desisimensi 3 kwa mita, kipimo cha jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme. Maji ya mfereji yapime bamvua likiwa limejaa, kabla ya kufungua lango.