Nilivyoipanga asubuhi ya kupanda meli na familia yangu kwa mara ya kwanza

Kwa miezi 7 tuliizungumzia safari yetu ya kwanza ya meli ya kitalii, na karibu mazungumzo yote yalihusu bahari: visiwa tutakavyoshuka, bwawa la kuogelea lililo sitaha ya juu, vitanda vya dabodeka ambavyo watoto walikwisha kugawana kabla hata hatujamaliza kulipa. Asubuhi yenyewe ya kupanda meli hakuna aliyeitaja. Mimi niliikumbuka zikiwa zimebaki wiki 3, nilipokuwa najaza fomu za usajili kwenye intaneti nikakutana na maelezo kwamba mizigo mikubwa hukabidhiwa kwa wachukuzi bandarini, kisha huletwa mlangoni pa chumba baadaye, pengine jioni.

Nikapiga hesabu. Tulikuwa watu 6: mimi, mume wangu, watoto 3, na mama yangu mzazi ambaye amevuka miaka 70 na anatumia dawa za shinikizo la damu. Tukiyaacha masanduku saa 6 mchana na kuyapokea saa 1 usiku, basi kwa muda wa saa 7 watu 6, na mmoja wao ana miaka 4, wataishi na kile tu walichobeba mabegani. Tangu siku hiyo kila nilichopanga nilikipima kwa swali moja: hiki kinakwenda na mchukuzi au kinabaki nasi?

Saa nilizipanga kuanzia mwisho kurudi nyuma. Meli ilikuwa ing'oe nanga saa 10 jioni. Meli hizi hufunga mlango wa abiria dakika 60 hadi 90 kabla ya kuondoka, kwa kuwa orodha ya waliomo lazima ikamilike na kukabidhiwa kwa wahusika. Anayefika dakika 20 kabla anaikuta meli ipo gatini, anaiona kwa macho yake, lakini hapandi. Usajili nao ulitutaka tuchague muda wa kufika, nikachagua kati ya saa 6 na saa 6 na nusu mchana. Nafasi za mapema zaidi zilikuwepo, ila niliziacha kwa makusudi. Vyumba vingi melini huwa havijawa tayari kabla ya saa 7 au saa 8 mchana, na sikutaka mama yangu azunguke na begi sitaha hadi sitaha akitafuta pa kukaa. Basi kutoka saa 6 nikarudi: gari saa 5 na robo, vyumba vya hoteli kukabidhiwa saa 5 kamili, kifungua kinywa saa 2, watoto kuamka saa 1, mimi saa 11 alfajiri.

Hapo kwenye hoteli palikuwa na mjadala nyumbani. Mume wangu alitaka tusafiri kwa ndege asubuhi hiyohiyo ili tuokoe gharama ya usiku mmoja. Nilikataa, na kwa hilo siyumbi hata leo. Ndege ikichelewa saa 3, mwenye safari nyingine ya ndege atatafutiwa kiti jioni au kesho yake. Meli inayoondoka mara moja kwa wiki haina mwenzake wa jioni. Ukiikosa, utaifuata bandari inayofuata kwa nauli yako, kama hiyo bandari inafikika na kama nyaraka zako zinaruhusu kuingia nchi hiyo. Pamoja na watoto watatu na mtu mzima? Tukalala karibu na bandari.

Nyaraka nilizimaliza mapema, sina mengi ya kusema isipokuwa hili: linganisheni majina herufi kwa herufi. Tiketi ya mtoto wetu wa kati ilikuwa imekosewa herufi moja ikilinganishwa na pasipoti, na tungeligundua mbele ya dawati la ukaguzi ingekuwa kilio. Kwa kuwa zilikuwa zimebaki wiki 3, ilirekebishwa kwa simu moja. Pasipoti nazo nilizikagua kama zina zaidi ya miezi 6 kabla ya kwisha muda, maana nchi nyingi hudai hivyo.

Usiku wa kuamkia safari ndio uliookoa asubuhi. Niliwaambia wote wavae mabegi yao ya mgongoni kama yatakavyokuwa kesho, tukatembea ukumbi wa hoteli mpaka mwisho, tukapanda ngazi ghorofa moja, tukarudi. Mama yangu alifika juu akashika ukuta. Hakulalamika, si mtu wa kulalamika, ila niliona. Nikamvua begi nikalifungua: sweta 2, chupa ya maji iliyojaa, viatu vya akiba, kitabu kinene. Vyote vikaingia sandukuni, chupa nikaimwaga. Akabaki na miwani, dawa, kanda mbili nyepesi na kitambaa cha kujifunika akihisi baridi. Kifungua mimba wangu, mwenye miaka 11, alibeba nguo za kuogelea za watoto wote. Nilimpa kwa sababu mabwawa huwa wazi tangu abiria wanapoanza kuingia, na mtoto anayeliona bwawa huku nguo yake ya kuogelea iko tumboni mwa meli atakuuliza swali hilohilo mpaka jioni. Mimi nilibeba pasipoti zote kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, karatasi za kuingilia melini zilizochapishwa, chaja, na nguo moja ya kubadilisha ya mdogo. Picha za karatasi hizo zilikuwa pia kwenye simu ya mume wangu, endapo mimi na mfuko wangu tungetenganishwa naye kwenye foleni.

Usiku huohuo nilitoa pasi ndogo ya kunyoosha nguo niliyokuwa nimeificha chini ya magauni, pamoja na waya wa kuongezea umeme wa mume wangu. Melini moto ndio adui mkubwa, na vitu vinavyotoa joto kama pasi, birika la umeme na mishumaa hukatazwa. Kinachouma zaidi ya kunyang'anywa ni kwamba sanduku lenye kitu hicho huzuiwa, nawe unalisubiri wakati wenzako wameshabadilisha nguo. Tuliipeleka pasi mapokezi, wakakubali kututunzia hadi turudi.

Lebo za mizigo tulizifunga alfajiri, mimi na kifungua mimba, wengine wakiwa bado wamelala. Kila lebo ina namba ya chumba na rangi ya sehemu ya meli. Ukiichapisha kwenye karatasi ya kawaida hukunjwa mara kadhaa, huzungushwa kwenye mpini wa sanduku, kisha hubanwa kwa pini za stepla. Karatasi tupu huchanika, basi tuliizungushia selotepu pana ya kung'aa pande zote kabla ya kubana. Binti yangu alishika mpini, nami nikabana pini 4 kwa kila lebo. Kisha tukaandika namba hiyohiyo ya chumba kwenye kikaratasi na kukitia ndani ya kila sanduku, juu ya nguo, ili hata lebo ya nje ikipotea anayelifungua ajue ni la nani.

Dawa za kichefuchefu tulikuwa tumemuuliza daktari wiki moja kabla, hasa kwa ajili ya mama kwa sababu ya vidonge vyake vya presha, na kwa watoto kwa sababu kipimo chao si cha mtu mzima. Alisisitiza zimezwe kabla ya mwendo kuanza, maana mtu akishaanza kutapika kidonge hakikai tumboni. Nikaandika kwenye karatasi yangu: saa 9 alasiri, dawa.

Sasa nisimulie lililotokea ukingoni mwa barabara, mbele ya kituo cha abiria. Gari lilitushusha saa 6 kasoro dakika 10. Wachukuzi wakaja na mkokoteni mara moja, wakaanza kupakia. Nilikuwa nimeweka sharti kwamba hakuna sanduku litakaloondoka kabla kila mtu hajagusa kwa mkono wake vitu 4 nitakavyovitaja. Nikasema: miwani. Mama akagusa. Simu. Akagusa. Pasipoti nilizigusa mimi. Dawa. Mama akatia mkono kwenye mfuko wa mbele wa begi, akatoa, akatia wa pembeni.

"Mwanangu, nilimeza baada ya chai, kisha..." akanyamaza. Mkono wake ukaelekea kwenye mkokoteni. "Nimevirudisha mahali pake."

Mahali pake ni mfuko wa ndani wa sanduku lake la kahawia, ambako vidonge hivyo vimekaa katika safari zake zote kwa miaka. Sanduku la kahawia lilikuwa chini kabisa, na juu yake yako mengine 3. Mchukuzi mmoja, kijana mpole, aliyashusha yote bila kunung'unika, tukalifungua pale pale juu ya lami, mume wangu akasimama kukinga upepo usipeperushe nguo. Kifuko cha dawa kilikuwepo. Mama alikishika kwa mikono miwili, akakitia kwenye begi, akafunga zipu mwenyewe, akaishika zipu hiyo mpaka tulipoingia ndani. Tulitumia dakika 6. Nilikuwa nimeacha dakika 30 za ziada kwa ajili ya jambo ambalo sikulijua, na ndilo hilo.

Ndani mambo yalikwenda haraka: mashine ya ukaguzi kama ya uwanja wa ndege, dawati, picha ya kila mmoja, kadi inayofungua chumba na kumtambulisha mtu kila anaposhuka na kupanda. Saa 7 kasoro robo tulikuwa tunavuka daraja la kupandia. Kitinda mimba alimshika bibi yake kidole, akauliza kama chini ya daraja kuna maji. Yalikuwepo, meusi, katikati ya ukuta wa gati na ubavu wa meli.

Nilichokuwa nimekipanga kifanyike kwanza tukishaingia ni zoezi la dharura, kabla ya bwawa. Watoto walinuna. Nikawaeleza, kwa lugha ya umri wao, kilichoipata meli ya kitalii iitwayo Costa Concordia mwezi Januari 2012: iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, watu 32 wakafa, na waliopanda jioni ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi. Wakati huo kanuni za kimataifa ziliruhusu zoezi lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Tangu 2015 lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Tulikitafuta kituo chetu cha kukusanyikia kwa miguu, tukitumia ngazi na si lifti, ili miguu izoee njia. Mhudumu akawaonyesha namna ya kufunga jaketi la kujiokolea, akamvika mdogo ukanda wa mkononi wenye herufi ya kituo chetu ili mfanyakazi yeyote atakayemwokota peke yake ajue pa kumpeleka. Tukafundishwa mlio: honi fupi 7, kisha moja ndefu. Mtoto wa kati aliurudia kwa mdomo siku nzima, na sikumkataza.

Baada ya hapo waliogelea. Saa 8 na nusu chumba kilikuwa wazi, na kitinda mimba alikuwa amechoka kupita kiasi. Nikamlaza, akageuka upande wa ukuta, akanyoosha mkono bila kufumbua macho, akasema, "Shuka yangu." Anayo shuka ndogo ya pamba, imechakaa pembe zote, hushika pembe moja akaisugua shavuni mpaka usingizi umchukue. Nilijua ilipo kabla sijajibu. Nilikuwa nimeikunja mwenyewe, vizuri, nikaiweka juu kabisa kwenye sanduku la buluu.

Alilia kwa muda mrefu. Nilimpa kitambaa cha bibi yake, akakisukuma. Nilimbeba, nikatembea naye kutoka mlangoni hadi dirishani, nikarudi. Saa 9 nilitoka kidogo kugawa dawa kama nilivyoandika, nikarudi nikampokea tena kutoka kwa baba yake. Hatimaye alilala begani mwangu, jasho limemlowesha nywele, nami nikakaa hivyo hivyo kwenye kiti. Honi ya kuondoka ilipolia saa 10, wengine wote walikuwa sitaha ya juu wakipunga mikono. Mimi niliona gati likisogea kupitia dirishani, taratibu, na sikuthubutu kusimama.

Sanduku la buluu liliwekwa nje ya mlango saa 12 na nusu. Nilichomoa shuka kabla ya kitu kingine chochote, nikampa pembe yake.

Usiku, wote wakiwa wamelala, nilitoa karatasi yangu ya mpango. Kwenye mstari wa begi la kitinda mimba nilikata kitabu cha kuchorea, ambacho hakikufunguliwa hata mara moja, na mahali pake nikaandika: shuka.