Mama wa Emil

Juma hili mwenye nyumba amepandisha kodi na saluni imepata fundi mpya, lakini kinachonizunguka kichwani ni maneno machache ya mama, aliyoyasema Jumapili tulipokuwa tukitazama Emil und die Detektive, ile filamu ya mwaka 1931 iliyoongozwa na Gerhard Lamprecht na kuandikwa na Billy Wilder kutokana na kitabu cha Erich Kästner.

Mama hajui Kijerumani, hivyo nilikuwa nikimfasiria. Tulipofika pale mama wa Emil, msusi kama mimi, anapompandisha mwanawe treni ya Berlin na pesa za kumpelekea bibi yake, mama aliuliza:

"Peke yake?"

"Ana wateja, mama."

"Wateja husubiri, mwanangu."

Akaendelea kumenya chungwa lake. Tangu hapo namjibu kimoyomoyo huku nikikausha nywele za watu, kila mara kwa jibu zuri kuliko lile la kwanza: kwamba kodi haisubiri, kwamba mtoto alikuwa akienda kwa bibi yake wala si kwa watu baki, na kwamba noti zilibanwa kwa pini mfukoni. Mnaokumbuka safari ya mwanangu Salim ya Desemba, alipokwenda Tanga peke yake na kadi ya shirika la ndege shingoni, mtaelewa kwa nini sina hakika aliyesemwa ni nani. Aliyempokea Salim ni mama huyu huyu, na siku ile hakutamka neno.

Hata hivyo nimpe haki yake: sijaona mtu aliyeifurahia filamu ile kama yeye. Fritz Rasp, anayeigiza mwizi, alipomtolea mtoto peremende yenye dawa, mama alikuwa ameshamshuku zamani, tangu alipoiona kofia yake. Watoto wa Berlin walipomwandama mwizi barabarani, wakiongezeka hadi akakosa pa kupita, alisimama na kupiga kelele "Mkamateni!" mpaka nikahofia majirani, na matundu ya pini yalipothibitisha kwamba noti ni za Emil, alicheka hadi machozi yakamtoka. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba Rolf Wenkhaus, mtoto aliyeigiza Emil, aliuawa vitani mwaka 1942.

Vidonge vya mama vya presha vinakaribia kwisha, na daktari hataki kuandika vingine bila barua ya hospitali ya nyumbani, ambako simu haipokewi.