Mpira wa Mita Tatu

Mwaka 1986, wakati wa likizo ya shule, mimi na binamu yangu tulikata kwa siri mita tatu za mpira ambao babu alikuwa akimwagilia mchicha wake. Ncha moja tuliifunga kwenye dumu tupu ili ielee, na ya pili nikaizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli ili niing'ate bila kuumia meno. Tulikuwa tumewaona wazamiaji wa majongoo ya pwani wakiibuka huku wakihema baada ya muda mfupi tu, nasi tuliamini kwamba kwa mtambo wetu tungekaa chini mpaka tuchoke wenyewe.

Tulitoka na ngalawa pale Wesha, kisiwani Pemba, maji yakiwa yamejaa, nikashuka nikiwa nimekumbatia jiwe. Kichwa kilipokuwa shibiri moja chini ya maji, hewa ilikuja, ingawa kwa shida. Nilipopita mita moja, kifua kiligoma: nilivuta kwa nguvu zangu zote, mashavu yakabonyea ndani, na sikupata chochote isipokuwa ladha ya mpira. Niliachia jiwe, nikaibuka, na kabla sijamaliza kukohoa nikamshutumu binamu yangu kwamba alikuwa ameziba tundu la juu kwa kidole gumba. Aliapa kwamba hakuligusa. Sikumsadiki, na tulinuniana hadi shule zilipofunguliwa.

Miaka 18 baadaye, nikijifunza ufundi wa vifaa vya kuzamia huko Nungwi, nilifungua kwa mara ya kwanza regyuleta, ile ambayo mzamiaji huing'ata. Ndani yake mlikuwa na kiwambo chembamba cha mpira, upande mmoja kikiguswa na maji ya bahari, upande wa pili kikiegemea wenzo mdogo. Mzamiaji anapovuta pumzi, kiwambo hubonyea, wenzo hufungua vali, na hewa huja ikiwa na mgandamizo uleule wa maji yanayomzunguka. Mhandisi wa migodi wa Ufaransa, Benoît Rouquayrol, alikuwa ameubuni mpango huo mwaka 1860 kwa ajili ya migodini. Mwaka 1864 yeye na ofisa wa jeshi la majini, Auguste Denayrouze, wakaupeleka baharini, mzamiaji akibeba mgongoni tangi la chuma lililojazwa kwa pampu kutoka juu. Hata Jacques Cousteau, mzamiaji mashuhuri wa Ufaransa, alipokijaribu katika Mto Marne mwaka 1943 kifaa alichokiunda pamoja na mhandisi Émile Gagnan, aliona hewa ikimwagika ovyo aliposimama wima na ikigoma alipoelekeza kichwa chini, mpaka tundu la kutolea pumzi lilipohamishiwa karibu na kiwambo. Sentimita chache za maji kati ya tundu hilo na kiwambo ziliwasumbua mabingwa wale. Mimi, nikivuta hewa yenye mgandamizo wa juu ya maji huku maji yakinibana kifua, nilikuwa nimeshindana na mita nzima kwa mbavu za mtoto wa miaka 12.

Jioni hiyo nilimpigia simu binamu yangu, nikamweleza habari ya mgandamizo na kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nilikwisha kumwambia babu ni nani aliyekata mpira wake.