Mashine ya kufua nyumbani kwetu Kisumu: nilianza na fundi kabla ya duka

Mashine yetu ya kwanza ilikufa Jumanne usiku, mwezi wa Machi, ikiwa na shuka nne za Mama ndani yake. Ilianza kulalamika tangu Krismasi. Kila ikifika hatua ya kukamua ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi, na sakafuni chini yake kulikuwa na doa la maji yenye rangi ya kutu. Nilikuwa nasukuma siku tu. Usiku ule ikapiga kishindo kimoja, dramu ikalala upande, ikanyamaza.

Mama mkwe wangu alipata kiharusi miaka miwili iliyopita, na tunaishi naye hapa Migosi. Shuka zake hubadilishwa kila siku, siku nyingine mara mbili, na ngozi ya mtu anayeshinda kitandani haivumilii shuka iliyobaki na sabuni au iliyokauka nusu. Mama fua wetu huja Jumatano na Jumamosi. Kwa wiki tatu tulizokaa bila mashine alikuja kila siku, na nikaona vidole vyake vinaanza kupasuka. Nilimwongezea malipo, lakini vidole viliendelea kupasuka, na jambo hilo lilinikosesha amani kuliko hata gharama yenyewe.

Baba watoto alitaka twende mjini Jumamosi ileile tununue nyingine. Nikamwomba anipe muda kidogo. Ile ya kwanza tuliichagua kwa bei, kwa rangi yake ya fedha, na kwa wingi wa programu zilizoandikwa mbele. Ikadumu miaka mitano. Safari hii nilitaka kwanza kujua imekufa kwa nini.

Basi nikaipakia kwenye pikapu ya jirani nikaipeleka kwa fundi mmoja mwenye yadi nyuma ya soko la Kibuye. Akaifungua mbele yangu juu ya gunia. Alipoitoa dramu akaigeuza, akanionyesha kipande cha chuma chenye mikono mitatu kinachoishikilia kwa nyuma, kama nyota. Kile kipande ni cha aluminiamu. Kilikuwa kimeota unga mweupe na kutoboka matundu matundu kama chaki iliyolowa, na mkono mmoja ulikuwa umevunjika kabisa. Kwenye kona zake kulikuwa na ute mweusi, mzito, wenye harufu ya mfereji wa maji taka.

“Mwalimu,” akaniuliza, “unatia dawa ya klorini humu?”

Nilikuwa natia kila siku. Nilidhani ndiyo usafi. Fundi akanieleza kwamba dramu ni chuma kisichoshika kutu, kile kipande ni aluminiamu, na metali hizo mbili zikikaa pamoja katika maji yenye chumvi za sabuni, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Klorini huharakisha. Mlango ukifungwa kila baada ya kufua, unyevu haukauki, na ulaji unaendelea usiku kucha.

Kisha akanionyesha beringi. Zilikuwa mbili, zimejaa kutu, na ubavuni zimeandikwa 6205 na 6206. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kulisikia dukani. Beringi zenyewe ni za kawaida, utazipata hata kwenye duka la spea za magari. Kinachoziua ni sili, ule mpira wa duara unaozuia maji yasizifikie. Sili ikichoka, maji yanaingia, grisi inatoka, kutu inaanza, na kelele ndiyo taarifa ya kwanza. Mimi nilipewa taarifa ile mwezi wa Desemba nikaipuuza.

“Sasa si ubadilishe beringi na sili?” nikauliza.

Akapitisha ukucha kwenye ungio la pipa la plastiki, lile la nje linalobeba maji. Halikuwa na boliti hata moja. Lilikuwa limeunganishwa kwa moto kiwandani, mzingo mzima. Ili kuzifikia beringi ingebidi alikate kwa msumeno, halafu aligandishe tena kwa gundi na boliti za kutoboa, na hakuwa tayari kuniahidi kwamba halitavuja. Pipa zima jipya, pamoja na dramu, lingetoka Nairobi kwa shilingi 24,000. Kwa ajili ya spea za shilingi elfu mbili tatu, mashine nzima imekwisha.

Pale yadini kulikuwa na mashine kama 11 zimerundikwa ukutani. Nikazizunguka moja moja kama mtu anayesoma makaburi, naye akinieleza kila moja ilikufa na nini. Nyingi zilikuwa za beringi ndani ya pipa lililofungwa. Kadhaa zilikuwa za bodi, ile sahani ya umeme inayoongoza kila kitu, iliyoungua stima iliporudi kwa kishindo au wakati wa radi. Sikuona hata moja iliyokufa kwa mota. Nilikumbuka jambo hilo baadaye dukani, nilipoona stika kubwa inayojivunia dhamana ya miaka 10. Ukisoma maandishi madogo chini yake, miaka hiyo 10 ni ya mota peke yake. Mashine iliyobaki ina mwaka mmoja au miwili.

Nikamuuliza nitajuaje dukani kama pipa lina boliti, maana hakuna muuzaji atakayekubali nifungue mgongo wa mashine mpya. Jibu lake ndilo ninalowapa watu wote wanaoniuliza. Piga picha ya kibandiko chenye namba ya modeli, umtumie muuza spea, umuulize: beringi na sili za modeli hii unaziuza peke yake? Akikujibu kwamba anauza pipa zima tu, basi pipa hilo limefungwa moja kwa moja. Fundi alikuwa na muuza spea wake kwenye Barabara ya Luthuli, Nairobi, akaniahidi kuniulizia.

Kabla sijaenda dukani alinipa kazi moja ya nyumbani, nipime maji yangu.

Hapa Migosi, kama mitaa mingi ya Kisumu, hatutegemei mfereji wa moja kwa moja. Maji yakija yanaingia kwenye tangi la lita 1,000 juu ya jukwaa la vyuma, na nyumba inakunywa kutoka pale. Nilichukua futi ya kupimia nikapima kutoka kitako cha tangi hadi usawa wa mfereji wa mashine. Mita 2 na nusu. Sasa hesabu yake ni hii: kila mita 10 za kimo cha maji zinakupa presha ya baa moja, ambayo kwenye vibandiko vya mashine huandikwa 0.1 MPa. Mita zangu 2 na nusu zilikuwa 0.025. Nilipotafuta kitabu cha mashine yetu iliyokufa, kiliandika kwamba inahitaji angalau 0.05, yaani tangi liwe mita 5 juu.

Nilikaa kitini na kile kitabu mkononi. Miaka mitano mashine ile ilikuwa ikisimama katikati ya kazi na kutoa namba za hitilafu, nasi tukiizima na kuiwasha tena. Valvu ya kuingiza maji hutegemea presha ya maji yenyewe kufunguka sawasawa na kufunga sawasawa. Presha ikiwa ndogo, mashine inasubiri maji mpaka inachoka, au maji yanaendelea kuchuruzika baada ya kufungwa.

Baba watoto alipoiona hesabu ile alikubali tutumie pesa kwenye jukwaa kwanza. Mchomeleaji alituongezea mita 1 na nusu kwa shilingi 14,000, pamoja na zege miguuni. Msikwepe zege. Lita 1,000 za maji ni tani moja, na tani moja ikiwa juu ya kichwa cha mtu si jambo la kubahatisha. Tukawa na mita 4, yaani 0.04 MPa. Kwa hiyo nikajua natafuta mashine inayoridhika na 0.03.

Kuhusu aina, nilifikiria sana ile ya matangi mawili, ya kufulia na ya kukamulia, ambayo unaijaza hata kwa ndoo. Ni mashine ya heshima. Haijali presha na kwa kawaida haina bodi ya kuungua. Kama nyumba yako haina maji ya mfereji ya kuaminika na huna mgonjwa, ningekushauri uichukue bila kusita, tena inagharimu kidogo. Lakini haipashi maji moto, na lazima mtu asimame nayo kuhamisha nguo. Mimi shuka za Mama nataka zifuliwe kwa nyuzi 60, nikiwa nampa dawa au nikiwa darasani. Zile za kufunguliwa juu nilizoziona nazo hazikuwa na hita na zinakunywa maji mengi. Ya mlango wa mbele hutumia kama lita 50 au 60 kwa mzunguko, na mfereji ukikauka siku tatu, hiyo ndiyo tofauti ya kufua na kutofua. Za mtumba kutoka Ulaya sikuziangalia sana. Nzuri zipo, lakini fundi alisema spea zake ni za kubahatisha, nami nilikuwa nimechoka kubahatisha.

Nilizunguka maduka ya Barabara ya Oginga Odinga na ya kwenye majengo makubwa mchana wa siku mbili. Wauzaji walinieleza habari za mvuke, za simu kuongea na mashine, za programu 15. Mimi nilikuwa na mambo matatu tu: kibandiko cha presha, picha ya modeli, na kuizungusha dramu kwa mkono. Dramu nzuri ukiizungusha inakwenda kimya, na ukiinua ukingo wake kwa juu haichezi. Kijana mmoja wa duka alinishangaa mwanzoni, kisha akaja kunisaidia kumulika vibandiko vya nyuma kwa simu yake. Kwa modeli tano nilizotuma, muuza spea alijibu kwamba mbili ndizo zenye beringi na sili za kuuzwa peke yake. Moja ya hizo mbili ilihitaji 0.05. Nikabaki na moja: kilo 8, mota ya invata isiyo na brashi za kuchakaa, kitufe cha kuzungusha badala ya kioo cha kugusa, shilingi 54,000. Haikuwa ya rangi ya fedha. Ni nyeupe tu.

Siku hiyohiyo nilinunua kifaa cha kulinda volti. Hapa watu wengi hukosea, na mimi nilikuwa karibu kukosea. Kile kinachouzwa kwa ajili ya friji mara nyingi ni cha ampea 5. Hita ya mashine ya kufua ni kama wati 2,000, na kwa stima yetu ya volti 240 hiyo ni zaidi ya ampea 8. Chukua cha ampea 13. Na hata hivyo, jioni mawingu yakijikusanya upande wa ziwa na ngurumo zikaanza, mimi nachomoa plagi ukutani. Hakuna kifaa cha dukani ninachokiamini mbele ya radi ya Kisumu.

Vijana wa kuleta mzigo waliifikisha, wakaichomeka, wakataka kuiwasha. Niliwazuia. Nyuma yake kulikuwa bado na boliti nne ndefu zinazoshika pipa lisiyumbe safarini. Ukiwasha nazo, mashine inaruka jikoni kama mbuzi aliyefungwa kamba, na unaweza kuiharibu siku ya kwanza. Fundi alikuja mwenyewe akazitoa, akaweka pimamaji juu ya mashine, akarekebisha miguu mpaka kiputo cha hewa kikatulia katikati. Mbele ya paipu ya kuingiza maji akafunga kichujio kidogo, kwa sababu msimu wa mvua maji yetu huja na tope.

Sasa ni miezi minane. Klorini haiingii tena humo. Nyuzi 60 zinatosha, na shuka ikiwa chafu sana tunaisuuza kwanza kwenye beseni. Maji yetu ya ziwa si magumu, kwa hiyo sabuni kidogo inatosha, vijiko viwili vikubwa vya ile ya mashine. Ile ya kufulia kwa mkono ina povu jingi mno. Baada ya kufua mlango unabaki wazi. Mwanangu wa darasa la tano ndiye anayeufuta mpira wa mlango kwa kitambaa, na kila mwisho wa mwezi anafungua kichujio cha pampu chini na kuniletea alichokikuta: shilingi kumi, kibanio cha nywele, kifungo cha sare. Mama fua bado anakuja Jumatano na Jumamosi. Anapiga pasi, anafua mapazia na kumsuka Mama nywele, na vidole vyake vimepona.

Risiti ya duka ilikuwa ya karatasi ile inayofifia, kwa hiyo niliitoa kopi siku ileile kabla maandishi hayajapotea. Kopi hiyo, kadi ya dhamana na zile boliti nne ziko ndani ya mkebe juu ya kabati. Boliti fundi alinisisitizia nisizitupe, maana siku tutakayohama zitarudi mahali pake kabla mashine haijainuliwa.