Kabla Hujampandisha German Shepherd Wako

German Shepherd anayefikishwa kwa waokoaji wa mbwa mara nyingi si kizee wala si kitoto. Ana miezi minane, kumi, au mwaka na nusu. Amefikisha kilo thelathini, ameua kuku wa jirani, na mwenye nyumba ameshasema mbwa atoke. Au ameanza kuchechemea mguu wa nyuma. Aliyemuuza hapokei simu.

Kuanzia hapo gharama inamwangukia mtu ambaye hakuonja hata shilingi ya mauzo. Mbwa wa kilo 35 hula karibu nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku, yaani mfuko wa kilo 15 kwa mwezi. Weka juu yake kipimo cha damu cha magonjwa ya kupe, dawa ya minyoo, chanjo ya kichaa, chanjo ya magonjwa ya virusi ya parvo na distempa, na kumhasi. Na akiwa mwoga hawezi kuchanganywa na wenzake. Atakaa banda la peke yake, pengine nusu mwaka, na wengine watakosa nafasi. KSPCA ya Nairobi, shirika la kutetea wanyama ambalo lipo tangu 1910, linahangaika pia na punda na paka. Halikuanzishwa ili liwe ghala la mbwa wa mbegu waliokosa wateja.

Kwa hiyo kama una jike na unafikiria kumpandisha, anza na nyonga. Ugonjwa wa nyonga kwa German Shepherd unarithiwa kupitia vinasaba vingi kwa pamoja: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, kinacheza, na baada ya muda kiungo kinasagika. Mbwa anayekimbia vizuri leo anaweza kuwa na nyonga mbovu, ndiyo maana "mbona hachechemei" si jibu. Jibu ni eksirei. Mbwa anapewa dawa ya usingizi, analazwa chali, miguu ya nyuma inanyooshwa sambamba na magoti yanazungushwa kwa ndani. Akilazwa upande, picha haina kazi, ikataeni. Daraja la kimataifa linaanzia A hadi E, na cheti cha mwisho cha Marekani hakitolewi kabla ya miezi 24. Ukipata D au E, huyo ni kipenzi cha nyumbani, hata kama ulimwagiza kutoka Ujerumani. Yule dume wa kukodi naye apimwe vilevile.

Kuna wanaosema "mbwa wangu ana karatasi". Sawa. Karatasi inataja baba na mama na babu. Haisemi chochote kuhusu nyonga za babu.

Mwaga pesa kidogo pia kwenye kipimo cha kinasaba cha ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaopooza miguu ya nyuma uzeeni (degenerative myelopathy), mara nyingi baada ya miaka minane. Unakwangua tu ndani ya shavu. Wazazi wawili wanaobeba nakala moja moja ya kinasaba hicho kibovu, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili. Mbebaji apandishwe na asiye nayo kabisa, basi.

Kisha chunguza sehemu za siri za wote wawili. Huku kwetu kuna saratani inayoambukizwa kwa kupandana: uvimbe mwekundu wenye vinundu kama ua la koliflawa, unaotoka damu matone matone. Wenye majike hudhani ni joto, yaani kipindi cha kutaka dume, lisiloisha. Joto la kawaida hudumu wiki tatu hivi. Damu ikiendelea zaidi ya hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kwa kawaida hutibika kwa dawa ya saratani iitwayo vincristine, sindano moja kwa wiki, mara nyingi nne hadi sita. Pima na brusela, maambukizi ya bakteria, kwa sababu hiyo huharibu mimba na inaweza kumpata binadamu.

Mimba ni siku 63 hivi. Usimpe jike kalsiamu ya ziada wakati wa mimba. Mwili wake unazoea kutegemea hiyo na unasahau kuitoa kwenye mifupa, halafu wiki ya pili au ya tatu ya kunyonyesha anaanza kutetemeka na kukakamaa. Hapo ni mbio kwa daktari, si kusubiri asubuhi. Vivyo hivyo akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au majimaji ya kijani yakitangulia mtoto wa kwanza.

Watoto wapewe dawa ya minyoo wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kwa sababu minyoo mingine huwapata wangali tumboni. Chanjo ya parvo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16. Ile ya kwanza peke yake haitoshi: kinga waliyorithi kwa mama huweza kuizima.

Lakini kinachowajaza waokoaji kuliko nyonga na parvo, kwa maoni yangu, ni ile imani kwamba mbwa wa ulinzi afungiwe bandani tangu mdogo asione mtu, ili awe mkali. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ubongo wa mbwa unaandika orodha ya vitu vya kawaida: watoto wanaokimbia, bodaboda, mwanamke mwenye mwavuli, kelele za sufuria. Kisichoandikwa hapo baadaye kinatisha. Unachopata si mlinzi, ni mwoga mwenye meno, anayemng'ata mtoto wa nyumbani na kumkimbia mwizi. Hivyo watoto wasiondoke kabla ya wiki 8, na kabla ya hapo washikwe na watu tofauti kila siku, wakanyage saruji, nyasi na mabati.

Uzao wa German Shepherd huweza kufika watoto wanane na zaidi. Fanya hesabu kwamba wawili watarudi, na uwe na mabanda mawili matupu kabla dume hajaja. Kwenye mkataba andika kwamba mbwa akishindikana, akiwa na umri wowote, anarudi kwako na hauzwi kwa mwingine. Mtoto awekwe chini ya ngozi chipu ya utambulisho yenye namba za tarakimu 15 kabla ya kuondoka, na kwenye usajili wake namba ya pili ya simu iwe yako, ili atakayemwokota akiwa na miaka sita apige kwako kwanza.