Arobaini Kasoro Moja

Masomo ya juma: Kumbukumbu la Torati 25:1-3; 2 Wakorintho 11:24; Waebrania 13:3

Wapendwa katika Bwana,

Tukiipitia Kumbukumbu 25 haraka haraka tunaona fimbo tu. Hebu tuisome polepole. Kesi imekwisha na mwenye hatia amepatikana na hatia. Torati haimtetei hata kidogo. Hata hivyo inaagiza apigwe mbele ya mwamuzi mwenyewe, kwa idadi inayolingana na uovu wake, na fimbo zisipite arobaini. Sababu imetajwa waziwazi: zikizidi, ndugu yako atadharaulika machoni pako. Mstari wa pili ulimwita mwovu. Wa tatu, akiwa bado chini ya fimbo, unamwita ndugu.

Wayahudi waliiogopa amri hii hata wakawa wanakomea thelathini na tisa, wasije wakakosea hesabu na kuvuka mpaka. Ndiyo maana Paulo anasema alipata mara tano “mapigo arobaini kasoro moja”.

Twende na kipimo hicho kwenye magereza ya Kamiti, Naivasha na Shimo la Tewa. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, lakini mahakama ziliendelea kutoa hukumu ya kifo, na waliohukumiwa wakarundikana. Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu takriban watu 4,000 mwaka 2009, Rais Kenyatta akawabadilishia 2,747 mwaka 2016, na Rais Ruto naye akafanya hivyo 2023. Tunamshukuru Mungu kwa rehema ile. Lakini walichopewa badala ya kamba ni kifungo cha maisha, na kifungo hicho hakina tarehe. Mfungwa aliyehukumiwa miaka 30, mwenye nidhamu na bidii ya kazi hupunguziwa theluthi moja chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Magereza, akatumikia 20. Wa maisha hapunguziwi hata siku moja. Sheria imemtoa kwa jina.

Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliitaka serikali na Bunge vieleze kifungo cha maisha ni kitu gani hasa. Miaka ikapita. Julai 2023 Mahakama ya Rufani kule Malindi ikasema kumfunga mtu bila mwisho kunamvunjia utu, ikampa mrufani miaka 40. Desemba mwaka huohuo wenzao wa Kisumu wakasema maisha ni miaka 30. Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi wa Malindi: kuweka kipimo ni kazi ya Bunge. Hatuna ugomvi na hilo. Ugomvi wetu ni kwamba wabunge wengi hukaa makanisani mwetu kila Jumapili, na hatujawahi kuwauliza.

Je, kifungo kirefu ni haki? Kwa makosa mengine, ndiyo, na tusione haya kusema hivyo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inampa kifungo cha maisha anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini. Mtoto huyo hana theluthi anayopunguziwa. Lakini sheria hiyohiyo inamkuta kijana wa miaka 19 na msichana wa 16 waliokuwa wapenzi, na kima cha chini ni miaka 15. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Julai 2024, hakimu hawezi kwenda chini ya kima kilichowekwa hata akiona tofauti kwa macho yake. Hapo sehemu ya amri isemayo “kwa kadiri ya uovu wake” imeanguka, na sisi tunaona hiyo ni dhuluma, ingawa ni halali.

Kuna kosa jingine dogo kwa maandishi, kubwa kwa mtu. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka muda wa rimandi uhesabiwe. Chukua mtu aliyekamatwa 2014, akakaa rimandi miaka minne, akahukumiwa miaka 30 mwaka 2018. Kifungo kikianza siku ya kukamatwa, kwa kupunguziwa theluthi atatoka 2034. Kikianza siku ya hukumu, 2038. Mara nyingi hakimu huandika kwamba “amezingatia” muda huo, asitaje tarehe, na ofisi ya gereza ikahesabu kuanzia hukumu. Wale wa kale waliacha pigo moja kwa hofu ya kukosea. Hapa miaka minne yapotea kwa sentensi moja isiyoandikwa. Kwa hiyo ndugu akifungwa, ombeni nakala ya hukumu, mtazame ukurasa wa mwisho, kisha mlinganishe na hati ya kifungo iliyoko gerezani. Tarehe ya kuanza isipotajwa, ombi hupelekwa Mahakama Kuu. Na rufaa ina siku 14 tu, kwa hiyo msisubiri mchango wa harusi uishe ndipo mwanze wa wakili.

Kwa wa maisha mlango uliobaki ni huruma ya Rais, Ibara ya 133 ya Katiba. Ombi hupitia kamati ya ushauri, na kamati inaruhusiwa kusikiliza maoni ya walioumizwa. Maombi mengi hukwama nyumbani. Afisa wa probesheni anafika kijijini baada ya miaka 25 kuuliza kama mfungwa ana pa kurudi: wazazi wamekufa, shamba limeuzwa, chifu ni mpya na hamjui. Anaandika kwamba mfungwa hana pa kwenda. Kanisa la pale laweza kuwa na barua tayari kabla afisa hajafika, yenye jina la atakayempokea, namba yake ya kitambulisho na ya simu, chumba atakacholala na kazi atakayofanya, na sahihi ya mchungaji. Na kabla ya kuiandika, wazee watangulie kwenye boma la aliyeumizwa, wakae, wasikilize, wasiombe chochote siku hiyo.